Ruzuku ya mikoko: kwa nini maombi yenu yanarudi, na sasa mbishe hodi wapi

SWALI: Assalamu aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 24 hapa Mikindani, Mombasa, wengi wetu kina mama na vijana. Tangu 2022 tunapanda mikoko na kuzoa plastiki ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor. Mwaka jana tuliomba ruzuku kwa wafadhili watatu, kila mmoja KSh 4,800,000, za kupanda miti, kujenga njia ya mbao ya watalii kupita juu ya tope, na kununua boti. Wawili wametukatalia, wa tatu kimya mpaka leo. Sasa kuna kijana anasema atatuandikia ombi zuri kwa KSh 35,000, pamoja na asilimia 10 pesa zikitoka. Pesa kubwa tuliyowahi kupewa ni KSh 86,000 na kampuni moja ya hapa mjini. Tunakosea wapi? Na kwa kikundi kama chetu, pesa ziko wapi?

JIBU: Waalaikum salaam, dada katibu. Jibu la swali lako la kwanza umeliandika mwenyewe bila kujua: 86,000 na 4,800,000. Hiyo ni karibu mara 56. Afisa anayesoma ombi lenu hajawahi kukanyaga tope la Mikindani. Anachokijua juu yenu ni karatasi tu. Wala hajiulizi kama mikoko ni kitu kizuri, hilo halibishaniwi. Anajiuliza: hawa watu, nikiwapa pesa hizi, wataweza kunionyesha ziliko baada ya mwaka? Waliowahi kushika elfu themanini na sita hawana cha kumtuliza moyo mtoa milioni nne na laki nane.

Kipimo kinachofaa kazini, ingawa hakimo kwenye sheria ya mfadhili yeyote, ni kuomba isiyozidi mara tano ya kiasi kikubwa mlichokwisha kukipokea na kukitolea hesabu. Kwenu ni kama KSh 430,000. Najua inaonekana ndogo. Lakini mkiitumia vizuri na ripoti ikafika kwa wakati, ombi linalofuata linaweza kuwa la milioni mbili na lisionekane ndoto.

Kosa la pili ni kufunga miradi mitatu katika kifurushi kimoja. Kupanda miti ni kazi mnayoijua. Njia ya mbao ni ujenzi ndani ya msitu wa serikali: itadai kibali cha Huduma ya Misitu (KFS), itapita NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa tathmini ya athari za mazingira, na mfadhili atauliza nani ataikarabati mbao zikioza. Boti nayo huleta maswali ya umiliki, bima, mafuta na nahodha. Afisa akikuta sehemu moja dhaifu, hakati sehemu hiyo akabakisha nyingine, hurudisha lote. Ondoeni boti na njia ya mbao. Bakieni na miti.

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, tandazeni karatasi zenu mezani. Cheti cha usajili, katiba, PIN ya KRA, barua ya benki, kumbukumbu za mikutano. Someni jina la kikundi kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokwama bila kujua: cheti kinasema “Group”, benki imeandika “Self Help Group”, PIN imeandikwa kifupisho. Pesa zikitumwa kutoka nje kwa jina lililo kwenye cheti, benki inaweza kuzirudisha, na mfadhili akiona jina tofauti anadhani ni vikundi viwili. Rekebisheni sasa, maana kurekebisha PIN au akaunti huchukua wiki kadhaa, na muda wa kupokea maombi mara nyingi ni wiki nne hadi sita tu.

Kuhusu usajili wenyewe, tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 vikundi kama chenu husajiliwa chini ya sheria hiyo, na watu 10 ndio wa chini kwa kikundi cha kawaida. Nyinyi 24 mnatosha. Mlianza 2022, kwa hiyo huenda cheti chenu ni cha utaratibu wa zamani. Kipelekeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ya Jomvu, muulize kama kinahitaji kusajiliwa upya, na mtazame tarehe ya kuisha. Cheti kilichoisha ni sababu tosha ya kutupwa ombi katika mchujo wa kwanza, kabla hata halijasomwa.

Katika katiba, mfadhili mzoefu huenda moja kwa moja kwenye vipengele viwili. Cha kwanza, nani anatia saini benki. Wawe watatu, wawili wakitosha kutoa pesa, na wasiwe mume na mke wala mtu na dada yake. Cha pili, mali itakwenda wapi kikundi kikivunjika. Kama imeandikwa “itagawanywa kwa wanachama”, badilisheni iwe itapewa kikundi kingine chenye lengo kama lenu, na mpitishe mabadiliko hayo katika mkutano mkuu wenye kumbukumbu zilizotiwa saini.

PIN ya kikundi ina mtego wake. Kikundi chenye PIN hutakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka hata kama hakikuingiza senti, na faini ya kuchelewa kwa asiyekuwa mtu binafsi huanzia KSh 20,000. Wengi huligundua hilo siku mfadhili anapodai cheti cha kutodaiwa kodi. Mtu mmoja wenu aingie iTax, mtandao wa kodi wa KRA, wiki hii aangalie.

Halafu ardhi. Mikoko ya Kenya ni msitu wa umma. Ilitangazwa hifadhi ya serikali tangu 1932, na leo iko chini ya KFS kwa Sheria ya Misitu ya 2016. Mnaweza kuzoa plastiki bila kumuuliza mtu, lakini kupanda kwa pesa za mfadhili bila barua ya KFS ni kujenga kwenye kiwanja cha mwenzio. Nendeni ofisi ya misitu ya kaunti mkiwa na ramani ya mahali penyewe. Simu inatosha: mtu azunguke eneo kwa miguu maji yakipwa, achukue alama za GPS kwenye kona zote. Ombeni barua inayotaja eneo hilo na kikundi chenu kwa jina. Ulizeni pia kama kuna jumuiya ya misitu, ile CFA, inayosimamia upande wenu. Ikiwapo, jiungeni nayo au mpate barua yake ya kuwaunga mkono, vinginevyo itakuja kusema hamjulikani, na maneno hayo yakimfikia mfadhili yanaua ombi. Na kama kuna mtu anayedai hati ya kiwanja ukingoni hapo, hameni na mradi. Msingojee kesi ya ardhi ya Mombasa iishe.

Sasa pesa ziko wapi. Anzeni na zilizo karibu. Kaunti zimejiandaa kwa mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na washirika wengine kwa ajili ya kazi za tabianchi mashinani, na kila wadi hutakiwa kuwa na kamati yake ya mipango ya tabianchi. Jambo wasiloelewa wengi ni kwamba pesa hizo kwa kawaida haziingii kwenye akaunti ya kikundi. Wadi hupendekeza mradi, kaunti huutekeleza kwa taratibu zake za manunuzi. Msichopata kwa pesa mnaweza kukipata kwa njia nyingine: mradi wenu ukiwa kwenye orodha ya wadi ya Mikindani, mna karatasi ya serikali inayosema hitaji hili linatambulika, na wafadhili wengine huipenda sana hiyo. Mtafuteni mwakilishi wenu kwenye kamati, mhudhurie vikao vya kukusanya maoni, mhakikishe jina la eneo lenu limeandikwa.

Kitaifa kuna NETFUND, mfuko wa mazingira ulioanzishwa chini ya sheria ya mazingira, EMCA, ya 1999, ambao hutangaza nafasi zake kwa vipindi. Uwezo Fund ni mkopo usio na riba, si ruzuku. Msiiweke kwenye hesabu ya mradi usiozalisha mapato.

Mfuko unaowafaa zaidi kwa sura ni ule wa ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ulianza duniani 1992 na ukaingia Kenya mwaka uliofuata. Hupokea maombi kutoka vikundi vya kijamii moja kwa moja, na kwa miaka mingi dari yake ya kawaida ilikuwa dola 50,000, pamoja na ruzuku ndogo zaidi za kuandaa mradi. Lakini husomi tangazo lake vizuri mpaka usome sehemu ya maeneo. Katika awamu zilizopita Pwani ililengwa kwa sehemu maalumu, kama bahari ya Shimoni hadi Vanga na misitu ya kaya za Wamijikenda. Kikundi cha Mikindani kikiomba katika awamu ya namna hiyo kinapoteza muda wake, hata ombi liwe zuri vipi. Ngojeni tangazo linaloigusa Mombasa.

Balozi nazo zina mifuko yao. Wa Japani hulipia majengo na vifaa, haulipi mishahara wala gharama za kila siku. Mfuko wa Kanada wa miradi ya mashinani hutangazwa mara moja kwa mwaka na hutaka kazi iishe kwa muda mfupi. Kuhusu Marekani, orodha nyingi zinazozunguka WhatsApp bado zina majina ya programu za USAID, shirika lililofunga kazi zake Julai 2025. Ukipokea orodha ya wafadhili, tazama kwanza tarehe yake.

Mfuko wa Global Greengrants hutoa ruzuku ndogo, mara nyingi chini ya dola 5,000, kiasi kinacholingana kabisa na nyinyi. Hawapokei maombi yasiyoitwa. Huwa na washauri kwenye kila eneo wanaopendekeza vikundi. Kwa hiyo kazi yenu si kuandika, ni kujulikana. Watafiti wa taasisi ya bahari, KMFRI, pale Mkomani, na mashirika ya bahari yaliyoko Nyali, ndio watu ambao washauri wa aina hiyo huwauliza. Waalikeni siku ya kupanda. Chai na mahamri vinatosha.

Yapo ambayo si yenu, msiyakimbilie. Mfuko wa Rufford wa Uingereza humpa mtu binafsi, hasa mtafiti anayeanza, na hudai wadhamini watatu wa kitaaluma. Ruzuku za utafiti za WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari iliyoko Zanzibar, ni za wanasayansi. IKI, mpango wa tabianchi wa serikali ya Ujerumani, hata ile sehemu ya miradi midogo, huanzia euro 60,000 na hutaka uzoefu wa miaka na hesabu za kueleweka. Na mtu akiwatajia kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti, jueni ukubwa wa jambo. Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, iliyoanza kazi 2013, inasimamia hekta 117 na nyuma yake kuna miaka mingi ya vipimo vya watafiti. Hekta mbili haziuzi kaboni kwa mtu yeyote.

Tuje kwenye ombi lenyewe, maana hapa ndipo penye nyama. Maombi mengi ya mikoko husomeka hivi: “Mradi utapanda miche 50,000 ili kuokoa mazingira na kuinua maisha ya jamii.” Sentensi hiyo haina mahali, haina aina ya mti, haina hesabu, na inaahidi miche badala ya miti. Linganisheni na hii: “Tutarejesha hekta 2 zilizo wazi ukingoni mwa Mikindani (ramani imeambatishwa) kwa mkandaa na mchu (aina mbili za mikoko), tukiwa na lengo la angalau asilimia 60 ya miche kuwa hai baada ya miezi 12.” Ya pili inaweza kukaguliwa, na mfadhili hulipia kinachokaguliwa.

Aina ya mti si mapambo. Watu hupanda mkoko wenyewe, ambao ni aina moja tu ya mikoko, kila mahali kwa sababu mbegu yake ndefu hupatikana bure na huchomekwa moja kwa moja kwenye tope. Lakini mkoko unataka tope linalofikiwa na maji mara kwa mara. Ukiuweka juu, mahali panapofikwa na maji makubwa ya bamvua peke yake, unakauka. Hapo ni pa mkandaa na mchu. Ukingo wa mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi, ni wa mlilana, na mche wa mkoko ukiwekwa hapo wakati wa kusi hung’olewa kabla haujashika. Tazameni miti iliyobaki hai jirani: inawaambia nini kiliota pale zamani. Tena jiulizeni kwa nini pakawa wazi. Kama ni mchanga uliofunika mizizi, kama ilivyotokea kwenye mkono wa bahari wa Mwache baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, au ni maji taka na plastiki, au ni watu kukata kuni, andikeni sababu hiyo na mtakachofanya juu yake. Bila hilo mnapanda makaburi.

Ninyi mmekuwa mkipanda tangu 2022, na kwenye swali lako hukutaja ni mingapi iko hai. Hesabuni wiki ijayo. Wakati maji yamepwa, pigeni kamba viwanja vitano vya mita 10 kwa 10, vilivyotawanyika, si vile vizuri tu. Kama mlipanda kwa nafasi ya mita moja na nusu, kila kiwanja kilikuwa na kama miche 44, jumla 222. Hesabuni iliyo hai. Mkipata 120, mna asilimia 54. Iandikeni hivyo hivyo, na sababu za iliyokufa. Afisa akiona asilimia 54 na maelezo humwamini mwandishi kuliko anayedai 95. Pigeni picha kutoka mahali pamoja, kigingi kikiwa mbele, kila miezi mitatu.

Bajeti itokane na kazi, si kazi kutokana na bajeti. Kwa nafasi ya mita moja na nusu, hekta 1 inachukua miche 4,444. Hekta 2 ni 8,888. Ongezeni asilimia 20 ya kujazia iliyokufa, mnapata kama 10,700. Bei za hapa ni za kuonyesha njia tu, nyinyi mtachukua bei ya maandishi kutoka maduka matatu. Kitalu, tuseme KSh 15 kwa mche, ni 160,500. Kupanda: watu 20 kwa siku 5 ni siku-kazi 100, kila mtu miche 107 ndani ya saa tatu au nne za maji kupwa, jambo linalowezekana. Kwa KSh 500 kwa siku ni 50,000. Walinzi wawili wa kuzoa plastiki na kufukuza mbuzi, miezi 12, KSh 6,000 kila mmoja kwa mwezi: 144,000. Ziara nne za kuhesabu, 20,000. Siku nne za mtaalamu wa misitu, 20,000. Mabuti 20, 24,000. Kukodi mashua ya kubebea miche, siku 5, 20,000. Ada za benki na M-Pesa, 8,000. Mkaguzi wa hesabu, 30,000. Jumla 476,500. Zile 50,000 za kupanda ziandikeni kuwa mchango wenu wa kazi, na mtie saini daftari la mahudhurio kila siku kama ushahidi. Ombi linabaki KSh 426,500.

Mstari wa walinzi ndio wengi huusahau, nao ndio unaoamua kama mwaka wa pili kutakuwa na miti. Msiukate ili bajeti ionekane nyembamba. Na msijiuzie miche wenyewe kimyakimya. Kama kitalu ni cha mwanachama, semeni hivyo kwenye ombi, vinginevyo mkaguzi akija kugundua ataiita mgongano wa maslahi.

Mfadhili akilipa kwa dola, acheni nafasi ya kupumua. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa kama KSh 160, kufika katikati ya mwaka ikawa kama 130. Aliyeahidiwa dola 10,000 alipoteza KSh 300,000 bila kuiba mtu. Andikeni kwenye bajeti kiwango mlichotumia na mstari upi utapunguzwa kwanza shilingi ikipanda.

Yule kijana, hapana. Si kwa sababu ya 35,000 tu. Asilimia 10 ya ruzuku si gharama inayokubaliwa na mfadhili, kwa hiyo ili kumlipa mtalazimika kuandika risiti ya kitu kisichonunuliwa. Hapo mmekwisha kuharibu hesabu kabla mche wa kwanza haujaingia topeni. Na akiandika yeye, mfadhili akipiga simu kuuliza kwa nini mchu na si mkoko, nani atajibu? Mwenye kuwadai ada ya kupokea ombi lenu naye mkimbieni, mifuko niliyoitaja haitozi. Kama Kiingereza cha fomu kinawashinda, andikeni kwa Kiswahili kwanza mpaka kila mmoja wenu aelewe, kisha mtafute mwalimu wa hapo mtaani wa kutafsiri. Huyo mlipeni kwa siku.

Mkikubaliwa, pesa huja kwa mafungu, na fungu la pili halitoki mpaka ripoti ya la kwanza ipite. Kinachokwamisha ripoti mara nyingi ni vitu vidogo: risiti isiyo na tarehe, malipo ya M-Pesa kutoka simu ya mweka hazina yaliyochanganyika na unga na nauli zake, mstari wa mabuti uliotumika kununua wilbaro bila kuuliza. Fungueni laini ya simu ya kikundi peke yake. Nunueni kwa wauzaji wenye risiti za eTIMS, zile za kielektroniki za KRA. Mkitaka kubadilisha matumizi, ombeni kwa barua pepe kabla ya kununua, msubiri jibu.

Waliowakatalia, waulizeni sababu. Si wote watajibu, lakini anayejibu hukupa zaidi ya semina nzima. Na yule aliye kimya, mwandikieni hivi, mistari minne isizidi: “Tulituma ombi la kurejesha mikoko Mikindani tarehe fulani. Tunaelewa kuwa kiasi tulichoomba kilizidi uwezo wetu wa sasa. Tumepunguza mradi hadi hekta 2 na KSh 426,500, na tumehesabu miche iliyo hai tangu 2022, matokeo yameambatishwa. Je, mfuko wenu unapokea maombi ya ukubwa huu mwaka huu, na tarehe ya mwisho ni lini?”